Mlingoti Hatua Moja Mbele

Fundi jirani yangu hapa Kanyenye anatengeneza vitanda, milango na majeneza, na kwa miaka yote niliyomfahamu hajawahi kuniuliza swali gumu. Kitanda ni sita kwa sita au tano kwa sita, basi, mambo yamekwisha. Lakini mwezi uliopita alisimama uani kwangu, penseli sikioni, akaitazama karatasi niliyomtandikia juu ya pipa la maji, kisha akauliza, "Mama, hii ni ya mtu mmoja au wawili?" Nilijifanya nimekumbuka chungu jikoni, nikaingia ndani, nikasimama mbele ya jiko ambalo halikuwa hata na moto.

Maana karatasi hiyo, rafiki yangu, ni mchoro wa mashua. Mashua ndogo ya tanga, ya mashindano, futi kumi na mbili toka mbele hadi nyuma, inajengwa hapa hapa Tabora kwenye ua wa muuguzi mstaafu. Bahari iko mbali kiasi kwamba ukipanda treni unalala njiani kabla ya kuiona. Mtaa mzima unacheka, na mimi nawaambia wacheke tu, mdomo ni wao. Mzee wa duka niliponunua kitambaa cha tanga, ambaye baba yake na babu yake waliuza vitambaa kwenye meza ile ile, aliniuliza kama nafungua biashara ya mahema. Nilipomwambia ni tanga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanipimia.

Binti yangu aliyeko Dodoma naye akanitumia kwenye simu michoro iliyokwisha kamilika, mashua nyeupe zinazopendeza, na vipimo vyote vimeandikwa. Nilimshukuru, nikamwambia hizo ni mashua za watu wengine. Ya kwangu nilianza kuipanga nikiwa na miaka kumi na moja. Leo nina sitini na mbili. Sasa nikachukue mchoro wa mtu asiyejua hata upepo wa bwawa letu unatokea upande gani? Thubutu.

Ngoja nikupeleke huko bwawani, ndipo utanielewa.

Mimi na kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu, tulilelewa na babu na bibi karibu na bwawa la Igombe, kaskazini ya mji. Wazazi wetu walikuwa kwenye mashamba ya tumbaku kule Usoke, sisi tukaachwa kwa wazee tupate kusoma. Asubuhi tulinywa uji wa mtama, tukabeba matobolwa mfukoni, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa mpaka vinakuwa vigumu kama vipande vya mpira, ukitafuna kimoja unafika shule bado kinakupa utamu. Mchana ukirudi unachota maji, unafunga mbuzi, na mtama ukianza kukomaa unakwenda kuamia ndege wasiule, unapiga debe mpaka mkono unakufa ganzi. Jioni kulikuwa na mlenda na ugali, vyura wa bwawani wakipiga kelele hadi babu anakatisha sala kuwasikiliza. Nyumba nzima ilinuka moshi na nta. Hata leo nikinusa mshumaa wa nta halisi kanisani, nafumba macho, na siyo kwa sababu ya ibada.

Nta ilitokana na babu. Alikuwa mrina asali, na mizinga yake alitengeneza kwa magome ya miyombo kama walivyofanya wazee wake. Mvua za kwanza zikinyesha na gome likalegea, alizungusha kisu kwenye mti juu na chini, akapasua mara moja kwa urefu, gome likavulika zima kama shati. Akalikunja, akashona kwa nyuzi za gome hilo hilo, akaziba ncha mbili, mzinga tayari. Kisha alitafuta katikati. Hapo alikuwa na ustadi wa ajabu: aliuweka mzinga juu ya kidole kimoja, akausogeza, akausogeza, mpaka ukatulia bila kuinama upande wowote, na pale pale ndipo alipofunga kamba ya kuutundika. Kwa babu, kila kitu duniani kilishikwa katikati.

Na kila mwaka, Jumatatu ya Pasaka, bwawa likiwa limejaa, watoto wa pande zote walishindana kwa matanga. Watoto wa wavuvi walikuja na mitumbwi ya mti, tanga la gunia. Mnatoka ufukweni kwetu, mnakwenda hadi kwenye miti mikavu iliyosimama majini upande wa kusini, mnazunguka, mnarudi. Zawadi ilikuwa jogoo mmoja na mwaka mzima wa kutamba. Mtoto wa kike hakuwahi kushika usukani. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, ila uliza uone.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na moja, kaka aliazimia kushindana, na mtumbwi wa mti hatukuwa nao. Mimi ndiye niliyesema tuufanye wa magome. Babu alicheka, halafu akakumbuka kwamba zamani watu walivuka mito kwa vyombo hivyo hivyo. Akatuvulia gome refu kuliko yote niliyowahi kuona. Akashona ncha, akapachika vijiti vya kulitanua tumbo. Tanga lilikuwa gunia la kufungia tumbaku ambalo baba alitutumia kutoka Usoke, bibi akalikata pembetatu kama nilivyomwomba, maana nilikuwa nimeshaona kitu.

Nilichoona ni hiki. Nilipokwenda kuchota maji nilikuwa nachonga vimashua vya vipande vya gome, nakandika udongo chini ili visipinduke, nasimika kijiti na jani. Nikisimika kijiti katikati, kimashua kiligeuka kuutazama upepo na kugoma pale, kama mbuzi anayekataa kuvutwa. Nikikisogeza mbele kidogo, kilikata maji moja kwa moja. Nilijaribu siku hiyo, nikajaribu kesho yake, nikajaribu wiki nzima mpaka bibi akaanza kuuliza maji yanachotwa wapi siku hizi, Urambo?

Nikamwambia babu mlingoti uende mbele. Kwa mguu wangu wa wakati ule, hatua moja mbele ya katikati. Babu hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinieleza kwa upole kwamba babu yake mwenyewe alibeba mizigo ya wafanyabiashara kwa miguu, kutoka hapa hadi pwani, akaziona merikebu kwa macho yake, akarudi na kuwasimulia watoto wake: mlingoti uko katikati. Sasa mimi, wa juzi, nimetembea hadi wapi? Akauchukua mtumbwi wetu, akauning'iniza kwa kamba, akausogeza mpaka ukatulia bila kuinama, akatia alama. Mlingoti ukasimikwa pale pale ambapo angefunga kamba ya mzinga. Kaka alikuwa amesimama kando. Alikuwa ameviona vimashua vyangu, nilimwonyesha mimi mwenyewe. Hakusema kitu.

Wiki ya mwisho tukaziba mishono. Ungeziba na nini, nyumba ile? Tuliyeyusha nta, tukapaka kila tundu, tukasugua mpaka ndani ili gome lisinywe maji, kisha tukaupindua mtumbwi juu ya panda mbili za miti ukauke. Watu watatu, mmoja wao amerina asali miaka hamsini, na hakuna aliyefikiri tumefanya nini. Gome jipya, limesuguliwa nta ndani, limewekwa juu ya mti. Alhamisi Kuu tukarudi kutoka kanisani tukakuta mtumbwi wetu unavuma. Kundi zima la nyuki lilikuwa limehamia.

Kaka alikaa chini akalia. Babu alikaa chini akacheka mpaka akakohoa, halafu akatoa hukumu: nyuki waliokuja wenyewe kwake ni baraka, na katika mji wake hakuna atakayewagusa. Mashindano basi, mwakani. Nilimwambia mwakani nitakuwa mkubwa na mtaniambia nina kazi jikoni. Mimi nilikuwa nalia pia, ila nilikuwa nalia kwa hasira, na hasira ina akili zake.

Jumamosi Kuu babu alishinda kanisani na wazee wenzake. Bibi alingoja mpaka jua lilegee kidogo. Ujue, wanawake hawakwenda kwenye mizinga, hiyo ilikuwa kazi ya wanaume na wanaume tu. Bibi akajifunga kanga mbili, akanifunga na mimi moja kichwani, tukainua ncha moja ya mtumbwi, akashikiza mzinga mtupu wa babu pale juu, mdomo kwa mdomo, akaniambia nipulize moshi kutoka chini, polepole, kama mtu anayepoza uji. Nyuki walikuwa na siku tatu tu, hawajajenga cha maana. Walianza kupanda mmoja mmoja, kisha wakapanda kama maji. Niliumwa mara nne. Bibi aliumwa mara nyingi zaidi na hakutikisika. Babu aliporudi alikuta mzinga umetundikwa mahali pake unavuma, na mtumbwi umelala mtupu. Akauliza nani amefanya. Bibi alikuwa anasonga ugali. Alisema nyuki wameona mtumbwi haufai, wamehama. Jicho lake moja lilikuwa limevimba hadi limefunga. Babu alilitazama jicho lile, akaomba mboga.

Kwa hiyo tulishindana. Kaka akashika kafi la usukani nyuma, mimi nikakalishwa chini katikati, magoti kidevuni, na kopo la maziwa ya unga mkononi, nichote maji yanayoingia niyamwage nje. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu katika chombo nilichokibuni mimi.

Upepo ulitoka mashariki, miti iko kusini, kwa hiyo ulitupiga ubavuni. Tulipotandaza tanga tu, pua ikaanza kugeukia upepo. Kaka akavuta kafi, ikarudi. Ikageuka tena. Wenzetu wanakwenda, sisi tunatazama mashariki kwenye matete. Nikamwambia kaka ni mlingoti. Akaniambia chota maji. Tulifika kwenye miti mikavu wenzetu wakiwa wamesharudi nyumbani, na kule kwenye miti, wakati wa kuzunguka, kaka aliutazama mlingoti kuanzia chini mpaka juu. Nililiona hilo. Sikujua maana yake.

Ufukweni watu walikuwa wanacheka, na babu alikuwa ameona haya. Alisema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Chombo chenye msichana hakiendi." Nilimtazama kaka aseme. Aliinama akaanza kufungua kamba. Kufikia Jumatano mtumbwi ulikuwa umekatwa vipande, umekuwa mizinga miwili, na mimi nikakatazwa kukanyaga chombo chochote. Usiku ule nilikataa kula. Bibi hakunibembeleza. Aliniwekea matobolwa kwenye kanga, akaniambia, "Ulichokiona umekiona. Asikufanye mtu useme hukukiona."

Basi nimeishi nalo hilo. Nilipopelekwa Tanga kusomea uuguzi, siku ya kwanza, mchana kweupe, kabla hata sijatua sanduku bwenini, nilikwenda moja kwa moja ufukweni kutazama mlingoti. Uko mbele. Kila chombo nilichokiona, mlingoti uko mbele ya katikati. Sijui babu wa babu aliona nini, au aliona sawa na wasimuliaji wakakosea njiani. Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja muuza samaki akaniuliza kama naumwa. Babu alikuwa hai bado. Nilimwandikia barua. Hakujibu.

Ndiyo maana hakuna kitu kwenye mchoro wangu ambacho nimekiweka hivi hivi. Sehemu ya chini ni bapa, kwa sababu kandokando ya bwawa maji ni machache na sitaki kusukumwa na vijana wakati wa kuondoka. Tanga ni pembetatu, kama la bibi. Mkono wa usukani ni mrefu, nifikie hata nikikaa ukingoni kuulalia upepo mashua isipinduke, na fundi ananiambia mama, kwa umri wako utakaa ukingoni? Nikamwuliza yeye ana umri gani wa kuogopa. Tuligombana pia juu ya mbao. Alitaka mninga, maana hapa Tabora mtu akikuheshimu anakutengenezea mninga. Nikamwambia mninga mzito, nataka paini, nyepesi. Akasema paini haitafika kwa wajukuu. Nikamwambia sijengi kitanda cha urithi, najenga kitu cha kukimbia. Alinuna siku mbili, akaja na paini safi isiyo na vifundo. Mishono tunaziba kwa gundi ya dukani. Nta hapana, hilo nalo nimejifunza.

Na mlingoti nimeupima kwa mguu wangu. Hatua moja mbele ya katikati.

Wiki tatu kabla ya Pasaka ndiyo nimetangaza mashindano. Nimekwenda mwenyewe bwawani nikaongea na vijana wa wavuvi, wamekubali kuleta mitumbwi mitatu, na wamechangamka kuliko nilivyotegemea. Miti mikavu ya kusini imeanguka yote, tutazunguka madumu ya njano. Nilipita na pale nyumbani kwa babu. Ni tuta tu, mibarika imeota juu yake. Magome hayavuliwi tena, wamekataza, maana mti ukivuliwa unakufa, na wanasema kweli. Mizinga siku hizi ni masanduku ya mbao. Hakuna tena anayeweza kuweka mzinga juu ya kidole. Nilisimama pale nikawalilia wazee wangu wote wawili, hata babu, hasa babu, kwa sababu nilimpenda na alikosea, na ameondoka na kosa lake.

Lililobaki lilikuwa swali la fundi. Mmoja au wawili. Nilikuwa nimeamua ni mmoja, ili siku hiyo asitokee mtu wa kusema aliyeendesha ni mwingine. Ila kila nilipotaka kulitamka, nilikumbuka tena chungu jikoni.

Jumamosi iliyopita kaka akaja kutoka Usoke, mfuko wa karanga begani, goti moja likimsumbua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikampa kiti uani. Hakukikalia. Mashua ilikuwa pale juu ya magogo, mbavu zimeshasimama, sakafu imeshapigwa, na mahali pa mlingoti pamekwisha tobolewa. Aliizunguka mara mbili, kisha akatia kidole chake kwenye lile tundu, akakiacha humo kwa muda.

"Mbele," alisema.

Nikamwambia ndiyo, mbele.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Tulipofika kwenye miti. Nilijua, nikanyamaza."

Sitakudanganya, rafiki yangu, sikuguswa moyo. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Miaka hamsini na moja nilimtetea kichwani mwangu kwamba hakuelewa, kwamba alikuwa mtoto. Kumbe alielewa, akaniacha nibebe lile neno la babu peke yangu. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya fundi, na fundi akaanza kutafuta msumari ambao haukupotea. Kaka hakujitetea. Nikamwambia Jumatatu ya Pasaka atasimama pale pale ufukweni, kabla ya matanga kupandishwa, aseme kwa sauti kama ya babu siku ile: kwamba mlingoti ulikuwa mahali pabaya, na kwamba kuna mtu alisema.

"Nitasema," alijibu.

"Fundi," nikaita, "andika. Watu wawili. Usukani mmoja."

Niliingia jikoni, safari hii kwa kazi. Nikalitoa kopo la maziwa ya unga nililohifadhia chumvi, nikamimina chumvi kwenye bakuli, nikatoka nalo, nikampa. Aliligeuza, akalitazama kitako kama lina tundu. Kisha akavua viatu, akaingia ndani ya mashua taratibu kwa ajili ya lile goti, akaketi chini katikati, magoti kidevuni, kopo mkononi, akaniuliza kama pale ndipo.

Nikamwambia asogee nyuma kidogo, anakaa juu ya kamba zangu.